Na ya kutolea

Aliyewahi kutumiwa hela kwa simu anaijua hii: "Nitumie na ya kutolea," yaani uongeze na makato ya kuitoa kwa wakala. Ukimtumia mtu elfu ishirini kavu atakushukuru, lakini kwa sauti ya mtu aliyepewa ugali bila mboga. Nimekaa nyuma ya kaunta Mbagala tangu 2012, duka la rejareja mkono wa kulia, uwakala wa fedha mkono wa kushoto, na uchumi wote ninaoujua nimeusomea kwenye maneno hayo matatu. Sheria inaweza kusema makato ni ya fulani. Nani anayatoa mfukoni ni mazungumzo mengine, na hayo hufanyika usiku kwa simu, baina ya mtu na mama yake.

Wateja wananiita Mangi. Mimi si Mchaga, ni Mnyaturu wa Singida, ila Dar es Salaam ukishauza chumvi na kiberiti nyuma ya nondo za dirisha wewe ni Mangi, na hakuna pa kukata rufaa.

Tarehe 15 Julai 2021 ilikuwa Alhamisi. Naikumbuka kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ambayo mama mmoja muuza vitumbua, jirani yangu, humtumia hela bibi wa Lindi anayemlelea mwanawe. Kila wiki elfu thelathini. Siku hiyo alituma kwa simu yake mwenyewe akiwa ameegemea kaunta. Meseji ikaingia, akaisoma kimya, akaisoma tena, kisha akanigeuzia simu.

"Mangi, hebu nisomee hapa. Hii ya chini ni nini?"

Ya chini ilikuwa tozo ya serikali. Ya juu yake ni ada ya kampuni, ile ya siku zote. Nikamweleza kwamba kuanzia leo muamala wa kutuma na wa kutoa unakatwa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Akafikiri kidogo, akaniuliza jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye hotuba yoyote: "Kwa hiyo mimi nikituma nakatwa, bibi akitoa anakatwa. Hizi ni hela mbili au ni hela moja?"

Ilikuwa hela moja, ikikatwa inapotoka na kukatwa inapofika. Na kwa kuwa bibi naye alitaka na ya kutolea, makato yote mawili yakamwangukia muuza vitumbua. Kwenye makaratasi walipaji ni wawili, kwenye sinia ni mmoja. Vitumbua vyake havikupanda bei, vilibaki shilingi 100 kimoja. Vilipungua unene. Mimi ni mnunuzi wa kila asubuhi, kwa hilo hawezi kunidanganya.

Wiki mbili za mwanzo mkono wangu wa kushoto ulipoa kabisa. Nilikuwa nafungua saa kumi na mbili asubuhi na floti, hela ya kuzungushia uwakala, ya milioni moja na nusu, nafunga saa nne usiku ikiwa karibu vile vile. Kamisheni ya wakala inatokana na mzunguko, hela isipozunguka unakaa kupiga miayo. Lakini watu hawakuacha kutuma hela nyumbani. Wangeachaje, na watoto wako shule? Waliacha kupitia kwangu, basi.

Mbagala Rangi Tatu ndiyo mlango wa kusini. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita pale kila asubuhi, na makondakta wake wanajulikana kwa sura na kwa tabia. Ghafla bahasha zikarudi. Miaka kumi hivi sikuwa nimeuza bahasha za kaki kwa kasi ile. Mtu ananunua bahasha, anaomba peni, anaandika jina na namba ya simu, anaomba na stepla. Wengine hawakuamini bahasha, wakaficha noti ndani ya viatu vya shule vya mtoto, kiatu kikajazwa gazeti, boksi likafungwa kamba. Kondakta anachukua 2,000 yake na hana tozo.

Halafu ikaja njia ya pili. "Mangi, usiniwekee mimi, mwekee yeye." Yaani mteja ananipa taslimu, mimi naweka moja kwa moja kwenye namba ya ndugu yake aliyeko Kilwa, kana kwamba ndugu huyo amesimama mbele yangu. Kuweka hakukatwi. Kwa hiyo hatua nzima ya kutuma imerukwa.

Ya tatu ndiyo niliyoivulia kofia, na ilitoka kwa dada wa saluni ambaye shuleni aliishia la saba. Nilikuwa na lipa namba ya duka, mteja akinunua kitu analipia kwa simu bila makato. Akaja akasema: "Mimi nalipa elfu hamsini kama nimenunua mchele. Wewe mchele ubakize, nipe hela." Nikamtazama. Hakuwa anatania. Nikafanya hesabu: hela ikiingia kwenye lipa namba, mimi kuihamisha kuna gharama. Nikamwambia sawa, lakini uniachie mia tano ya soda. Akaacha. Kesho yake wakaja wanne. Mwezi wa Agosti nilikunywa soda nyingi sana, kama mnanielewa. Serikali ilikuwa na tozo yake na mimi nikawa na ya kwangu, na ya kwangu haikupelekwa bungeni.

Sijivuni kwa hilo. Nalisema kwa sababu watu wa mtaani tunapenda kujiweka upande wa walioonewa tu.

Yaliyofuata yalinifunza kwamba kukwepa nako kuna nauli yake. Fundi rangi mmoja alikuja jioni, amechoka, nywele zimejaa chokaa, akataka nimwekee mkewe elfu themanini. Alinitajia namba kwa mdomo kwa kuwa simu yake ilizima chaji. Yeye anasema alisema arobaini na sita mwishoni. Mimi nilisikia sitini na nne. Bajaji ilikuwa inapiga honi hapo nje, mtoto mmoja ananidai chenji, nikabonyeza. Jina lililokuja kwenye meseji halikuwa la mkewe wala la mtu wa ukoo wao. Nikapiga ile namba, ikaita mara moja. Nikapiga tena, imezimwa.

Ningeweza kuwapigia kampuni. Lakini mkataba wa uwakala unasema anayewekewa ndiye mwenye laini na awepo mbele ya wakala. Ningelalamika nini? Kwamba nilivunja mkataba vizuri ila namba ikakosewa? Tukakaa kwenye benchi mimi na fundi mpaka saa tano usiku. Mwisho tuligawana, arobaini yake, arobaini yangu. Makato aliyokuwa anayakimbia hayakuwa hata elfu kumi. Mpaka leo akipita ananisalimia, lakini rangi ya duka langu amepaka mtu mwingine.

Tozo ikapunguzwa. Septemba 2021 ilishushwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata kiwango cha juu kikawa 4,000, na 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Nikadhani mambo yatarudi yalivyokuwa. Muuza vitumbua alirudi. Wengi hawakurudi. Fundi wangu hadi leo anapeleka bahasha stendi, na ukimwuliza kwa nini, hataji tozo hata kidogo, anasema kondakta ni mtu wake. Njia ya panya ikishachongwa kwenye majani, ukifungua barabara bado kuna watakaopita kwenye majani, kwa mazoea na kwa sababu kule wameshapata marafiki. Nadhani wanaopanga viwango hawalihesabu hili. Wanahesabu kitakachoingia mwaka huu.

Lakini nisiwe mtu wa kulia tu. Tuliambiwa hela ile inajenga vituo vya afya na madarasa, na nilipokwenda nyumbani mwishoni mwa 2022 nilionyeshwa kituo kipya, rangi bado inanuka. Mama ana presha. Zamani kupima ilikuwa ni bodaboda hadi mjini, nusu siku imekwenda. Sasa anatembea taratibu na mkongojo wake, anapimwa, anarudi kabla jua halijawa kali. Nikamwambia, "Mama, hiki umekijenga wewe, kwa zile za kutolea." Akacheka mpaka akakohoa. "Za kutolea ulikuwa unatoa wewe, baba."

Mwezi mmoja baada ya tozo, Agosti 2021, kodi ya jengo ilihamia kwenye Luku, umeme wa kulipia kabla. Zamani mwenye nyumba alitakiwa aende akalipe mwenyewe kwa mwaka, na wengi hawakwenda. Sasa ikawa ukinunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi, mita ya nyumba ya kawaida inakatwa 1,000, ghorofa 5,000 kwa kila sakafu. Baadaye, mwaka 2023, ikawa 1,500 na 7,500. Kwa mkusanyaji ni akili kubwa: nani atakwepa umeme? Na kodi ni ya mwenye nyumba, sheria haina utata hapo. Mpangaji akikatwa anapaswa amdai mwenye nyumba kwenye pango.

Naomba niwapeleke kwenye nyumba ninayopanga. Vyumba sita, uani, mita moja, choo kimoja. Mwenye nyumba ni bibi wa heshima zake anayeishi Temeke, anakuja kila baada ya miezi sita kuchukua pango akiwa na kijana wa kumshikia mkoba. Kati yetu wapangaji sita, nani angemsogelea Bibi amwambie, "Shikamoo, naomba nikukate elfu sita"? Chumba hicho hicho akikitangaza asubuhi, mchana kina mtu, tena kwa bei ya juu. Hatukuwa na haja ya kukaa kikao. Kila mmoja alipiga hesabu yake peke yake akanyamaza.

Lakini elfu moja ilibaki kutolewa, na hapo ndipo nilipowajua binadamu. Tulikuwa tunanunua umeme kwa zamu isiyo rasmi: ukizimika, anayeona giza linamkera zaidi ananunua wa elfu tano, wengine watamfidia. Kilichotokea mwezi wa pili wa utaratibu mpya ni kwamba tarehe 1 ilifika, umeme ukakata saa moja usiku, na hakuna aliyenunua. Nyumba nzima kiza. Kila mtu yuko mlangoni na tochi ya simu, anajifanya anapunga upepo. Mwalimu wa chumba cha pili anasahihisha madaftari kwa tochi. Mama wa chumba cha nne ana friji la kuuzia barafu na anajua linayeyuka, naye amekaza. Elfu moja ukiigawa kwa sita haifiki hata bei ya vitumbua viwili. Haikuwa hela, ilikuwa ni nani atakuwa mjinga wa mwezi.

Barafu ndiyo iliyoshindwa. Saa tatu na nusu mama wa chumba cha nne akatuma mtoto dukani kwangu na elfu tano. Nikawa mimi, mpangaji mwenzake, ndiye ninayemnunulia tokeni na kuona ile elfu ikikatwa. Kwa miezi mitatu mfululizo alikuwa ni yeye, mpaka siku moja akapika sufuria la maharage uani, akatuita wote, akasema kuanzia sasa kila mwezi ana mjinga wake, na orodha ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa choo. Orodha ile bado ipo. Inafanya kazi kuliko taratibu nyingi ninazozifahamu, pengine kwa sababu kila mtu lazima aisome.

Ukitaka kujua kodi fulani itamwangukia nani, usiangalie jina kwenye risiti. Angalia nani hawezi kuondoka. Bibi wa Temeke anaweza kubadilisha mpangaji. Mwenye friji la barafu hawezi kubadilisha usiku.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na sukari, na hiyo ndiyo inayoniuma. Makadirio ya kodi ya duka sitayagusa hapa, nikianza hayo hatulali. Lakini sukari lazima niseme.

Mapema 2016 serikali ilizuia kuagiza sukari nje bila kibali maalumu, viwanda vya ndani vipate kupumua. Nia sikuiona mbaya. Kiwanda kinachoshindana na sukari ya magendo hakifiki mbali. Sukari ikaanza kuadimika, bei ikapanda, ndipo ikatangazwa bei elekezi: rejareja kilo isizidi 1,800. Redio ikasema, televisheni ikasema, kila mteja akaijua. Asiyeijua alikuwa muuzaji wangu wa jumla. Kwake mfuko wa kilo 50 ulikuwa 104,000, taslimu, hakuna risiti, na hakuna maswali. Hiyo ni 2,080 kwa kilo kabla sijalipa mkokoteni. Nikiuza kwa bei ya redio, kila mfuko unanitoa damu ya elfu kumi na nne. Nikiuza 2,300, mgambo anaweza kunikamata mbele ya wateja wangu.

Kwa hiyo sukari ikawa hakuna. Yaani ilikuwepo, kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini chini ya meza ya uwakala, ila hakuna. Waliojua kwamba hakuna maana yake ipo walikuwa wachache: mwenye daftari la mkopo anayelipa kwa wakati, jirani, mtu ninayesali naye. Anakuja, hasemi sukari, anasema "ile kitu," namfungia robo kwenye gazeti. Bei ilipokuwa wazi, hela ya kila mtu ilikuwa sawa na ya mwenzake. Ilipofungwa, sura ya mtu ndiyo ikawa hela. Dada wa kazi aliyehamia mtaani wiki ile hakuwa na sura, kwa hiyo hakuwa na sukari.

Ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani. Alikuja mtoto wa miaka tisa hivi, simjui, pengine wa nyumba za kule bondeni. Ameshika mia tano, amekunja noti mpaka imekuwa kama kete. "Mama amesema robo ya sukari, bei ya redioni." Akahesabu mwenyewe, mia nne na hamsini, nimrudishie hamsini. Nikamwambia sukari hakuna, kijana, jaribu kwa yule wa kona. Nilijua wa kona atamwambia arudi kwangu. Mtoto hakuondoka. Alikuwa anatazama mikono yangu juu ya kaunta. Nilikuwa nimetoka kupima muda huo huo.

"Mangi, mbona una sukari kwenye vidole?"

Sikumwuzia. Nikimwuzia kwa bei ya redio kesho wanakuja wenzake arobaini, nikimwuzia kwa bei yangu kesho mama yake anakuja na mgambo. Nilijifuta mikono kwenye suruali nikamwambia ni chumvi. Naye akanitazama vile mtoto anavyomtazama mtu mzima anayesema uongo mdogo, akaondoka na mia tano yake.

Januari 2024 ilijirudia. Mvua za El Nino zilizuia kuvuna miwa, sukari ikapaa, ikatoka tena bei elekezi, safari hii kati ya 2,700 na 3,200 kulingana na mkoa. Watu wakadhani nimeacha tamaa kwa sababu sikuficha hata kilo moja. Sikuwa nayo. Niliosha ule mzani mdogo, nikaugeuza kifudifudi, nikasubiri miezi ipite. Sidhani kama ni uadilifu, ni uchovu. Mteja aliyekosa sukari kwangu alikosa vile vile, tofauti ni kwamba mimi vidole vyangu vilikuwa safi.

Kwa uzoefu wa sukari, mwaka 2019 nilikuwa tayari kucheka. Waziri Mkuu alitangaza bungeni mwezi wa Aprili kwamba ifikapo Juni 1 mifuko ya plastiki basi. Nikasema tutaona. Mfuko wa Rambo ulikuwa kama hewa, mtu akinunua kiberiti anataka mfuko, akinunua mfuko wa unga anataka mfuko wa kuubebea. Adhabu ilitajwa: ukikutwa umeubeba, faini isiyopungua 30,000, kwa muuzaji isiyopungua 100,000. Nikaanza kupanga ndoo ya rangi itakaa wapi safari hii.

Sikuihitaji. Baada ya wiki mbili mifuko ilikuwa imekwisha mtaani, na hakuna aliyekuja kusema "ile kitu." Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa sina wateja. Faini ilitisha, ndiyo, lakini na bei elekezi ilikuwa na vitisho vyake. Kwa mtazamo wangu ni kwamba Rambo hakuna aliyekuwa anaitaka kweli. Tulikuwa tunaichukua kwa sababu ilikuwa bure kwa mteja, na mimi ndiye niliyekuwa nainunua. Mfuko mbadala ulipokuja kwa mia mbili, mia tatu, watu wakagundua kwamba mkono unaweza kubeba kiberiti. Kina mama wakatoa vikapu vya ukili vilivyokuwa juu ya kabati. Wanaume, ambao kikapu waliona aibu, wakawa wanabeba mikate kwapani. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi kimya kimya, gharama imetoka kwangu imehamia kwao na wa kulaumiwa ni serikali.

Mianya ilipatikana, sisi ni sisi. Vifungashio vile laini vinavyoonesha, vya karanga na ubuyu, vilikuwa vimeruhusiwa kwa kufungashia. Havikuchelewa kukua. Vikawa vya nyanya, vikawa vya dagaa, mwisho vikawa na ukubwa wa kubebea viazi. Mwaka 2021 navyo vikapigwa marufuku kutumika kama vibebeo. Ukipita gengeni jioni bado utaviona, muuzaji anavitoa ndani ya khanga kwa vidole viwili. Lakini ni vichache, na mtaro unaopita nyuma ya duka langu, ambao kila masika ulikuwa unatapika Rambo hadi mlangoni, siku hizi unatapika vitu vingine. Chupa, zaidi.

Kuna mahali ambapo hata mimi sijui nisimame wapi, nako ni kwenye mafuta ya kula.

Mama analima alizeti, ekari tatu. Mimi nauza mafuta ya kupima, mia tano mia tano, kwenye vichupa vya wateja. Mengi yametokana na mawese ya nje. Mwaka 2018 ushuru wa mafuta ya nje ulipandishwa, ghafi hadi asilimia 25, yaliyosafishwa hadi 35, mkulima wa alizeti apate soko. Mwaka 2022 bei ilipochafuka dunia nzima, lita ikavuka 6,000 dukani kwangu. Kipimo cha mia tano kikawa kama dawa ya macho. Nilikuwa namimina huku nimeangalia pembeni. Serikali ikalegeza ushuru, na mtaani tukapumua, mimi mwenyewe nikawa nasema dukani kwa sauti, hapo sasa wametukumbuka.

Msimu wa 2023 mama akanipigia. Bei ya alizeti imeporomoka, wanunuzi wanakuja na gunia zao wanataja bei kama wanatoa sadaka, wengine hawaji kabisa. Kavuna, kapepeta, magunia yako sebuleni yamefika hadi kwenye picha ya marehemu baba. "Huko Dar mafuta yameshuka, eti?" akaniuliza. Nikasema yameshuka kidogo. "Mnashukuru?" Nikasema watu wanashukuru, mama. Akanyamaza. Nikasikia kuku wanalia nyuma yake. Nilikuwa nimeshika jagi la mafuta mkononi, mteja ananingoja, na sikuwa na la kumwambia. Ile ahueni ya wateja wangu ilikuwa imetoka kwenye magunia yale.

"Basi nitumie elfu hamsini," akasema, "ya palizi nilikopa."

"Na ya kutolea?"

"Ya kutolea utajua wewe."

Nikatuma na ya kutolea. Wiki hiyo hiyo akanipigia tena asubuhi na mapema, sauti imechangamka: ameniwekea kuku wawili kwenye basi, tetea na jogoo, wamo kwenye boksi la sabuni lenye matundu, nikawapokee stendi ya Mbezi jioni. Nikafunga duka saa tisa, nikavuka jiji zima. Boksi nililitambua kwa mwandiko wake. Nikaliinua, nikasikia wanakwaruza ndani, nikamshukuru kondakta, nikageuka niondoke.

"Bosi," akaniita, mkono umenyooka. "Elfu tano ya mzigo. Bi mkubwa kasema atatoa mpokeaji."